Sanduku la Mwalimu Zahran

Wahenga hawakuwa na intaneti, lakini mvungu wa kitanda walikuwa nao, na walizijua tabia za kitu kilichoingia humo. Hakitoki kwa kuitwa, wala hakitoki kwa kumlaumu jirani. Anayekitaka hukunja magoti akashusha kichwa, na kama ana kofia huivua kwanza. Ndiyo maana wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wa skuli huandika kuwa maana yake ni kwamba anayetaka jema hana budi kujitaabisha, nao hupewa alama zao wakaenda nyumbani. Mwalimu Zahran wa Wawi, kisiwani Pemba, alizisahihisha insha za methali hiyo kwa miaka thelathini na nne. Maana yake hasa aliijua siku mbili kabla ya Idi, akiwa amelala kifudifudi juu ya saruji ya chumba chake mwenyewe.

Mwalimu Zahran alikuwa mtu mwema, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, kabla msomaji hajaanza kumkasirikia. Alikuwa mrefu, amenyooka kama rula aliyokuwa akitembea nayo darasani, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyewahi kumwona ameinama mbele za watu. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Mashamba yaliondoka na mambo ya zamani, likabaki sanduku moja la njumu, zito, lililopigwa mabamba na misumari ya shaba pande zote hata ubao wake hauonekani vizuri. Lilikaa mvunguni mwa kitanda chake. Ndani mlikuwa na hati za shamba lisilokuwa lake tena, saa ya marehemu babake iliyosimama, na kila kitu kingine alichoogopa kukipoteza. Marehemu alimfundisha kuwa kitu cha thamani hakiachwi machoni pa watu, na Mwalimu alilishika somo hilo kwa mikono miwili.

Yeye na mkewe, Bi Thuraiya, walijaaliwa mtoto mmoja tu, Sameer, naye alizaliwa hasikii. Bi Thuraiya hakungoja kufundishwa na mtu. Alianza kusema na mwanawe kwa mikono, wakatunga ishara zao wenyewe jikoni, moja leo na moja kesho. Vidole viwili vikizunguka juu ya kiganja vilikuwa chai. Ngumi kifuani ilikuwa nakupenda. Baba alikuwa kiganja kilichosimamishwa wima, kigumu, kisichopinda popote, na kila aliyemjua Mwalimu aliielewa ishara hiyo bila ya kuelezwa.

Mwalimu mwenyewe hakujifunza. Alikuwa amekula kwa ulimi wake maisha yake yote, akawa anangoja siku ambayo mtoto atatamka neno. Kuzishika zile ishara aliona ni kama kukata tamaa. Alingoja mwaka mmoja, akangoja kumi, mpaka Sameer akawa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi seremala huko Dar es Salaam, na mazungumzo ya baba na mwana bado yalikuwa yanapita mikononi mwa mama kama sahani ya chakula.

Sameer ndiye aliyeileta ruta. Aliinunua, akaifunga kwa matambara ndani ya boksi na kuituma kwa boti, ili mama yake apate intaneti ya nyumbani na simu yenye kioo kikubwa. Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya Alasiri, Bi Thuraiya aliikalia simu ile mkekani. Watu wengine mtandao wao ukizorota picha huganda na sauti hubaki, wakajifariji kwa sauti. Kwa Bi Thuraiya picha ndiyo ilikuwa sauti. Maandishi nayo hayakumfaa, kwani msahafu aliusoma vizuri lakini herufi za skuli zilimpiga chenga tangu utotoni, na ujumbe unaosomewa na mtu mwengine si mazungumzo.

Basi siku moja ya mwezi wa Shaabani jirani yao, Bi Masika, aliingia kuomba bizari, akaiona ruta juu ya meza ya ukumbini ikimetameta taa zake.

"Nyie mna raha," alisema. "Kijidude hichi ndicho kinachokuletieni mtoto mpaka mkekani?"

Alisifu, akachukua bizari yake akaenda zake, na Mashaallah hakuitaja. Mwalimu alikuwa mlangoni, akasikia. Aliliogopa jicho la husda. Jioni ile ile aliichukua ruta akaitia ndani ya sanduku la njumu, akapitisha waya wake kwenye tundu lililoliwa na mchwa nyuma ya sanduku, akafunga kifuniko, kisha akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka likafika ukutani kabisa. "Nimekiweka mahali salama," alimwambia mkewe, naye Bi Thuraiya, ambaye husda aliiogopa vile vile, alishukuru.

Wiki hiyo hiyo picha zikaanza kukwama. Mfungo ulipoingia hali ilizidi. Sameer alikuwa akiinua mikono kusema jambo, na mikono inabaki hewani, vidole vimeganda katikati ya neno. Bi Thuraiya aliungoja ule mkono ushuke. Wakati mwengine aliupitishia kidole juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto bila ya kutaka kumshtua.

Siku ya ishirini na saba ya mfungo ujumbe wa maandishi uliingia kwenye simu ya Mwalimu. Alivaa miwani akausoma kwa sauti.

"Baba, mwambie Mama picha haiji tena. Nitapiga asubuhi ya Idi, baada ya sala. Ikishindikana, basi tutakuwa tunaandikiana tu."

Bi Thuraiya alikuwa akimtazama usoni, si mdomoni. Alikuwa na mazoea ya miaka ishirini na sita ya kuwasoma watu kwa nyuso zao.

"Na hapo ulipopakiuka pameandikwa nini?"

Mwalimu alikohoa. "Ameandika, 'Naona kama mmenichoka.'"

Bi Thuraiya aliinuka. Alikwenda jikoni akakuna nazi ya futari, akakuna na nyengine ambayo haikuhitajika.

Mwalimu alipiga simu kwenye kampuni ya mtandao akiwa amesimama, kama mtu anayehutubia gwaride. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya upole na maswali mengi. Baba umejaribu kuizima na kuiwasha? Watu wangapi wanaitumia? Taa zinaonesha rangi gani?

"Binti, mie nimesomesha watu miaka thelathini na nne," Mwalimu alisema. "Nimekupigia unitengezee mtandao. Sikukupigia unipe mtihani."

"Sawa, baba. Na ruta yenyewe iko wapi hapo nyumbani?"

"Iko mahali salama."

"Salama wapi, baba?"

"Sasa unataka habari za chumbani kwangu?"

Binti alimwambia kwa adabu kuwa fundi ataweza kufika baada ya sikukuu kumalizika. Mwalimu alikata simu. Barzani alikwenda kushtaki. Tangu vyama vingi viingie, barza ile ilikuwa na mabenchi mawili na kila chama kina benchi lake, lakini siku hiyo mabenchi yote mawili yalikubaliana kwamba kampuni inaionea Pemba, na mtandao mzuri unaishia Unguja. Mwalimu alirudi nyumbani amefarijika sana. Picha ilikuwa imeganda vile vile.

"Nenda kwa Kazija," Bi Thuraiya alimwambia asubuhi ya pili yake.

"Kazija yupi?"

"Una makazija mangapi weye? Kazija wa Mzee Hija."

Kazija alikuwa binti wa mkulima wa muhogo wa hapo hapo Wawi, naye alikuwa na duka la kutengeneza simu Chake Chake. Mwalimu alimsomesha darasa la saba. Katika ripoti yake aliandika kwa wino mwekundu: Mkaidi. Huuliza sana.

"Nikamwombe Kazija?" Mwalimu aliuliza. "Niliyekuwa nikimpigisha magoti nje ya darasa?"

Bi Thuraiya aliweka ungo chini. "Mume wangu, mwaka huu sikukuomba kanga wala sikukuomba buibui la Idi. Nautaka mkono wa Idi wa mwanangu, basi. Asiponiona siku hiyo ataamini kweli tumemchoka. Na yeye akiamini jambo, mie nitamtoa imani ile kwa kitu gani, kwa maandishi nisiyoyajua?"

Hakulia. Angelia, pengine Mwalimu angepata la kusema. Alichukua kofia yake akatoka.

Kazija alikuja naye baada ya Adhuhuri, mkoba begani. Hakutaja ripoti wala magoti. Alimwamkia Bi Thuraiya, akaketi ukumbini, akaanza kuuliza maswali yale yale ya binti wa kampuni, na mara hii Mwalimu aliyajibu, japo kila jibu lilimtoka kama jino. Wanaotumia ni wawili tu. Nywila hakumpa mtu. Kuzima na kuwasha hajajaribu.

"Basi tuanze na hilo, Mwalimu. Izime, tungoje dakika tatu, uiwashe."

Mwalimu aliingia chumbani, akafunga mlango, akachomoa waya ukutani na kuurudisha baada ya dakika tatu kamili kwa saa yake. Alifanya hayo yote akiwa amenyooka. Picha iliendelea kusuasua.

Kazija akatoka uani na simu yake mwenyewe, yenye laini ya kampuni ile ile, akafungua video ya mawaidha. Ilitiririka bila ya kukwama hata mara moja. Aliwaonesha.

"Mnara hauna kosa," alisema. "Na kampuni haina kosa. Mtandao umefika mpaka hapa uani, umeingia ndani ukapotea. Nioneshe ruta, Mwalimu."

"Hiyo haioneshwi."

"Haioneshwi vipi?"

"Iko mahali salama."

Kazija aliwatazama mmoja baada ya mwengine. Mwalimu alikuwa akiangalia dari. Bi Thuraiya ndiye aliyechoka na siri ile.

"Imo sandukuni, mwanangu," alisema. "Mvunguni."

"Lile sanduku la shaba?"

"Lilo hilo."

Hapa Kazija angeweza kucheka, na pengine alikuwa na haki ya kucheka, maana magoti yake hayakusahau kokoto za nje ya darasa. Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Bi Thuraiya, ukitaka nyumba inukie udi, chetezo unakiweka wapi?"

"Katikati ya ukumbi."

"Ukikitia sandukuni ukafunga kifuniko?"

"Litanukia sanduku."

"Basi na mawimbi ya ruta ndo hivyo. Ubao yatapenya penya, lakini shaba inayazuia. Juu yake kuna godoro na kitanda. Nayo ruta yenyewe inataka kupumua, ikifungiwa inapata moto na kazi inaishinda. Mwalimu, hiyo ruta haiumwi. Umeipenda sana, basi."

Kazija alisema si adabu yeye kuingia chumbani mwao, kwa hiyo atasimama ukumbini na Mwalimu ataitoa mwenyewe. Bi Thuraiya alikuwa na goti bovu, halikunjiki. Hakubaki mtu mwengine.

Kwanza alijaribu kwa bakora. Alisimama kando ya kitanda akaipitisha chini, akaukamata mkono wa sanduku kwa ile kona ya bakora, akavuta. Sanduku halikujua kama limevutwa. Alivuta tena, bakora ikateleza, naye nusura aanguke juu ya mito. Alikumbuka kuwa alilisukuma kwa mguu, kwa nguvu zake zote, na kwamba kusukuma siku zote ni rahisi kuliko kuvuta.

Akavua kofia. Akaipandisha kanzu yake, akapiga goti moja, akapiga la pili, akalala chini na kuingiza kichwa mvunguni. Vumbi lilimjaa puani na utando wa buibui ukamkaa kwenye nywele. Alilikamata sanduku kwa mikono miwili, akalivuta shubiri kwa shubiri mpaka likatoka kwenye mwanga.

Alipofungua kifuniko joto lilimpiga usoni. Aliinua ruta. Chini yake, juu ya hati za shamba, palikuwa na daftari la kurasa chache lenye jalada la kijani, na juu yake mwandiko wa mtoto: KWA BABA.

Hakuwa amelisahau. Sameer alimpa akiwa na miaka kumi na miwili. Kila ukurasa ulikuwa na mikono iliyochorwa kwa penseli, vidole vimepangwa kwa uangalifu, na chini yake neno. Maji. Njaa. Skuli. Naumwa. Samahani. Nakupenda. Mwalimu siku hiyo alilipokea, akasema kwa mdomo, "Vizuri sana," na mtoto akamtazama midomo ikicheza. Aliliona ni kitu cha thamani mno, si cha kuachwa kikachafuka. Alilitia sandukuni jioni ile ile akafunga. Hakuwahi kulifungua tena, na ukurasa wa mwisho alikuwa hajaufikia. Sasa aliufikia. Palikuwa na kiganja kimesimama wima, na maneno haya: "Huyu ni Baba. Hizi ni kurasa kumi. Ukizimaliza nitachora nyengine."

Miaka kumi na minne mtoto alingoja aambiwe achore nyengine. Mwalimu Zahran alibaki pale chini, ruta mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na machozi yakamtoka kwa uchungu ambao hakuujua hata siku ya kustaafu kwake.

"Mwalimu, umeipata?" Kazija aliita kutoka ukumbini.

"Nimeipata," alijibu, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichowafanya wanawake wale wawili watazamane. "Nipeni dakika moja."

Ruta waliiweka juu ya rafu karibu na dirisha linaloelekea mnara. Kazija alijaribu kwa simu ya Bi Thuraiya, na video ikatiririka ndani kama ilivyotiririka uani. Bi Thuraiya alitaka angalau aifunike kitambaa chake cha kufuma, kwa ajili ya macho ya watu. Mwalimu alikataa. Alichukua karatasi nyeupe, akaandika Mashaallah kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaibandika juu ya ruta, ili atakayesahau kusema apate kusoma.

Alimsindikiza Kazija mpaka njiani.

"Niliandika kwenye ripoti yako kuwa unauliza sana," alimwambia.

"Nnakumbuka, Mwalimu."

"Niliandika kwa wino mwekundu. Ulikuwa wino wa makosa, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu."

"Nshasahau, Mwalimu," alisema Kazija, ambaye dakika moja tu nyuma alisema anakumbuka. Walicheka wote wawili.

Siku mbili zile hakuonekana barzani. Alikaa mkekani na Bi Thuraiya, daftari la kijani katikati yao, akisomeshwa. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vilichanganya mambo, na mwalimu wake mpya hakumwonea huruma. Alimpiga kofi dogo la mkono kila alipokosea, kisha akakishika kidole kilichokosea na kukiweka mahali pake. Kwenye neno samahani alimrudisha mara tisa. Kwenye nakupenda hakumrudisha hata mara moja, japo ngumi aliiweka tumboni badala ya kifuani.

Asubuhi ya Idi walirudi kutoka kusali, Mwalimu akafukiza udi, Bi Thuraiya akaisimamisha simu mkekani kwa kuiegemeza kwenye chupa ya chai. Ilipolia, aliiwahi kwa mikono miwili. Kioo kikafunguka, na Sameer akatokea mzima, na kanzu mpya, na unga wa mbao ambao hata siku ya Idi haukumtoka kwenye nyusi. Aliinua mikono akasema. Mikono haikuganda. Ilishuka, ikapanda, ikashuka, na ya mama ikajibu kwa kasi, na chumba kizima kilijaa maneno bila ya sauti hata moja. Walicheka pamoja wakati mmoja, jambo ambalo kwa miezi miwili halikutokea. Bi Thuraiya alimpa mwanawe mkono wa Idi kwa kukibandika kiganja kwenye kioo, na upande wa pili kiganja kikubwa cha seremala kikaja kukutana nacho.

Kisha Bi Thuraiya alisogea pembeni.

Simu ilikuwa chini, na Mwalimu alikuwa mrefu. Sameer aliona kanzu tu, halafu akaona kanzu inakunjika, magoti yanapigwa, na uso wa baba yake unashuka mpaka ukajaa kwenye kioo. Mwalimu aliinua mikono. Alisema mwanangu, akasema samahani, kila kidole mahali pake, kisha akaikunja ngumi, na safari hii aliifikisha kifuani. Mwisho akaliinua daftari la kijani mbele ya kioo, akafungua ukurasa wa kumi ili mwanawe auone, na kwa ishara alizofundishwa usiku wa jana yake akasema, "Nimemaliza. Chora nyengine."

Sameer hakutikisika, hata Bi Thuraiya akadhani picha imeganda tena. Haikuwa imeganda. Machozi yalikuwa yanamshuka, na yalikuwa yanashuka vizuri kabisa.

Alipoweza, aliusimamisha mkono wake wima, kiganja kigumu, kama alivyokuwa akimwita baba yake tangu utotoni. Akakiangalia kile kiganja. Halafu, polepole, akavikunja vidole vyake vyote vinne mbele, kama mtu anayepinda mgongo.

"Kasema nini?" Mwalimu aliuliza, kwani ishara hiyo haikuwamo daftarini.

Bi Thuraiya alijifuta macho kwa upindo wa mtandio. "Ni Baba," alisema. "Kakubadilisha jina. Tangu leo unaitwa hivyo."

Mwalimu Zahran aliukunja mkono wake vile vile, akauinua mbele ya kioo, akalikubali jina lake. Kweli wahenga walisema, na sasa amini: mtaka cha mvunguni sharti ainame.